Kilichokula Nyumba ya Woodbury

Kitendawili cha kwanza nilichotega Amerika nilikitegea ukuta. Upande huu nilikuwa mimi, jikoni, nakoroga sombe, mboga ya majani ya mhogo. Upande wa pili alikuwa mkwe wangu Bagalwa, sebuleni, anafunga viatu vya kazi. Nikasema, kama mtu anayeongea na sufuria yake:

"Kitendawili!"

Ukuta ukajibu: "Tega."

"Nyumba yangu haina mtu ndani, lakini kila ukifungua mlango, taa inawaka."

"Friji!"

Nilicheka hadi mwiko ukaanguka. Nikajua leo nimeongea na mkwe wangu bila kumkosea heshima.

Maana kwetu Bushi, huko Kivu ya Kusini, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali meza moja. Akiingia huku, wewe unatokea kule. Huko kwetu ni rahisi, kuna uwanja, kuna nyumba ya jikoni, kuna pa kupitia. Lakini fleti yetu ya Columbia Heights, kando ya Minneapolis, ina korido moja na bafu moja. Basi tukajitungia sheria. Mimi nakohoa kabla ya kutoka chumbani. Yeye anapiga mluzi akielekea bafuni. Binti yangu Merveille anatucheka: "Maman, mko kama taa za barabarani. Huyu nyekundu, huyu kijani."

Kitendawili ndicho kilichotuokoa, kwa sababu kitendawili hakitegewi mtu mmoja. Unakirusha hewani, anayekidaka anakidaka. Mimi nilizoea mchezo huo kambini Nyarugusu, Tanzania, tulikokaa miaka mingi tukisubiri ndege ya kuja huku. Na huko ukishindwa kujibu huachwi hivi hivi, unadaiwa mji. "Nipe mji!" Unautaja mji wowote, mtegaji anauchukua, anajisifu kwa maneno jinsi alivyokwenda huko akala akanywa, ndipo anakupa jibu.

Bagalwa akishindwa alikuwa mkarimu sana. Alinipa Minneapolis yote. Akanipa Saint Paul. Siku moja alinipa Roseville pamoja na ile mall yake kubwa, na maduka yote ndani, na ngazi zinazopanda zenyewe. Lakini kila nilipomwambia, "Leo nataka Woodbury," ukuta ulijibu upesi:

"Hapana, Maman. Ule una wenyewe."

Wenyewe ni sisi. Binti yangu na mumewe walikuwa wanaununua, yaani si mji, nyumba moja ndani ya mji. Merveille alinipeleka kuiona. Nyumba mpya, vyumba vitatu, na chumba changu chini, chenye mlango wake wa kutokea nje. Na bafu mbili! Niliziangalia zile bafu mbili, nikafungua maji ya hii, nikafungua ya ile, nikamwambia binti yangu, "Mwanangu, hii nyumba imejengwa na mtu anayejua ukwe." Walikuwa wameweka akiba miaka na miaka, yeye akifanya kazi ya kutunza wazee huko Roseville, mumewe akipakia mizigo depo, kwenye ghala la vifurushi. Benki ilikubali kuwakopesha. Ilisema jambo moja tu: mpaka siku ya kusaini, mwisho wa Februari, wote wawili wawe kazini wanalipwa.

Kumbukeni neno hilo la benki.

Wiki ya kuelekea Noeli, asubuhi, Bagalwa alitoka kwenda kuwasha gari lipate joto. Hakufika kwenye gari. Barafu ilikuwa imelala chini ya theluji kama kioo, ikamwangusha kwa ubavu, nikasikia mlio mpaka dirishani. Watu wa ambulansi walipombeba, midomo imekuwa myeupe kwa maumivu, alinisikia nikilia mlangoni, akapaza sauti bila kugeuza kichwa:

"Kitendawili, Maman!"

"Tega, baba!" nilijibu kwa kilio.

"Mzee amelala njiani, hana mikono, anaangusha wenye nguvu!"

"Barafu, baba! Barafu!"

Mpaka wale vijana wa ambulansi walitazamana.

Hospitali sitaitaja jina. Ni kubwa, inang'aa, na inanukia ndimu. Walimfungua juu ya paja, pale karibu na nyonga, wakaunga mfupa kwa chuma na skrubu. Siku chache baadaye akarudi nyumbani na magongo, amefungwa vizuri, anatabasamu. Mkubwa wake wa depo alimwambia apumzike Januari yote, kisha atarudi akae kwenye kiti, apige skani vifurushi. Merveille akahesabu kwenye kalenda ya friji. Atarudi kabla benki haijamtafuta. Nyumba ilikuwa bado hai.

Basi tukabaki wawili mchana, mkwe na mama mkwe, na lile paja lililofungwa.

Nilipika, nikaweka sahani kwenye kiti nje ya mlango wake, nikagonga mara moja, nikaondoka. Alikula, akarudisha sahani kwenye kiti. Nikitega, anajibu. Nikasema moyoni, Mungu asifiwe, tumeweza.

Ilipoingia Januari, majibu yakaanza kuchelewa. Ninatega, nasikia pumzi, nasubiri, ndipo linakuja jibu, limechoka. Nikafikiri ni zile dawa za maumivu. Kisha nikaanza kusikia magongo yakishuka ngazi kwenda chini kabisa, kwenye mashine za kufulia za jengo. Anajifulia mashuka. Mtu wa mguu mmoja! Nilitaka kusema, baba, acha nifue. Lakini mashuka ya mkwe! Mama mkwe anashikaje kitanda cha mkwe wake? Nikanyamaza. Na korido ikaanza kunukia manukato, manukato mengi kama harusi, mpaka Merveille akirudi kazini anauliza, "Bagalwa, unakwenda dansi wapi?" Yeye anacheka, anasema amechoka kunuka hospitali. Mke analala kwenye kochi, maana mume alisema akimgusa mguu usiku unauma. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri.

Siku moja Merveille alikuwa kazini. Nilikuwa nachambua maharage. Nikasema: "Kitendawili!"

Hakuna kitu.

Nikajitegea mwenyewe, kwa sauti: "Nina miguu miwili ya mti, nikifika nailaza ukutani!" Ilikuwa rahisi, nilimchagulia rahisi makusudi. Magongo. Hata mtoto angejibu.

Hakuna kitu.

"Basi nipe mji, baba."

Nikasikia mlango wa fleti ukifungwa. Alikuwa ametoka, na kapu la nguo. Kisha nikasikia kapu likishuka ngazi peke yake, na gongo likilifuata, na nyuma yake kitu kizito.

Nilikimbia. Bagalwa alikuwa amelala pale ngazi zinapokata kona, mashuka yamemwagika juu yake. Na mashuka yale, Bwana wangu! Yalikuwa na usaha wa manjano, na damu, na harufu iliyotoka pale ilishinda manukato yote ya dunia. Alikuwa anatetemeka, macho ameyafumba kwa nguvu.

"Msinitazame, Maman," alisema. Yeye hunisemesha hivyo, kwa wingi, kama mimi ni watu wengi. "Msinitazame, tafadhali."

Nilimtazama. Nikamshika kichwa nikakilaza kwenye magoti yangu. Tangu amwoe binti yangu sikuwahi kumgusa hata kidole, na ngozi yake ilikuwa moto kama chungu kilichotoka mekoni. Simu nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni. Nilipiga ile namba ya hatari niliyofundishwa, nikasema neno pekee lililonijia: "Swahili! Swahili!" mpaka wakaniletea mtu wa Kiswahili kwenye simu.

Hospitalini walitusukumia kioo chenye magurudumu, ndani yake kuna sauti ya mkalimani, kijana mwenye Kiswahili kizuri cha Tanzania. Daktari alikuwa mama mwenye sauti ya upole. Merveille alikuwa amefika mbio, bado na nguo za kazi. Kiingereza anakijua, lakini alisema anataka kila neno lipite kwa mkalimani, na mimi nisikie.

"Daktari anasema," ikaanza ile sauti, "jeraha la upasuaji limepata maambukizi. Vijidudu vimefika ndani mpaka kwenye chuma. Leo leo watamfungua tena wamwoshe."

"Mwulize," nikasema, "vijidudu hivyo vilitoka wapi. Mimi nyumbani nafagia. Chakula chake nafunika."

Wakasemezana. Kijana akarudi.

"Daktari anasema si nyumbani kwenu, mama. Anasema kwa aina ya vijidudu walivyoviona, na mahali vilipo, yaelekea viliingia siku ile ya upasuaji. Hapa hospitalini."

Nikashika mdomo.

"Mwulize tena, mwanangu. Labda hukusikia vizuri."

"Mama, nimesikia vizuri."

"Hapa? Kwenye hii nyumba inayonukia ndimu?"

"Anasema hutokea kwa wagonjwa wachache hata watu wakifanya kila kitu sawasawa. Anasema pole sana. Anasema pia mngemleta mapema ingekuwa nafuu kwake."

Nilikaa kwenye kiti. Maisha yangu yote najua mtu anapeleka ugonjwa hospitali na kuuacha huko, kama unavyoacha matope kwenye kirago cha mlangoni kabla ya kuingia. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kwenda na mfupa uliovunjika tu, mfupa safi, ukarudi umebebeshwa kitu cha mgonjwa mwingine usiyemjua, au cha ukuta, au cha mkono wa mtu aliyekutakia mema.

Walipomrudisha kutoka kuoshwa, akazinduka, Merveille alimrukia. Mimi nilisimama kwenye pembe nimegeukia ukutani kama inavyotakiwa, lakini masikio hayageukii ukutani.

"Tangu lini, Bagalwa?"

"Tangu baada ya Bonane."

"Tangu Mwaka Mpya! Na unapulizia manukato? Mimi ninayefunga vidonda vya wazee kila siku ya Mungu, kidonda kinaoza nyumbani kwangu!"

"Ungeacha kazi, Merveille. Ungesema, nakaa na mume wangu. Na benki?"

"Na Maman alikuwa mlango wa pili! Ungemwambia Maman!"

Hapo mgonjwa alipata nguvu ya kukasirika.

"Nimwambie Maman nini? Maman, njooni mtazame paja langu? Mimi nina wazimu?"

Nilitazama ule ukuta mweupe. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikakosa cha kuanza nacho. Alikuwa amesema kweli. Nami ningekimbia. Angenifunulia lile paja, ningekimbia mpaka kituo cha basi.

Wakati wa kutoka ulipofika ndipo tukaonyeshwa kazi iliyobaki. Jeraha wameliacha wazi ili lipone kutoka ndani. Kila siku linatakiwa kuoshwa na kujazwa pamba ya utambi. Dawa itapita kwenye mpira mwembamba uliotiwa mkononi, kila siku, wiki nyingi. Nesi wa nyumbani atakuja mara chache kwa wiki, bima hailipi zaidi ya hapo. Siku nyingine afanye mtu wa nyumbani. Ama mgonjwa akae kwenye nyumba ya wauguzi, ambayo bima inalipa kidogo na sisi tunalipa pesa nyingi.

Merveille alikuwa amekwisha kumpigia simu wakala, yule mama wa kuuza nyumba. Yule mama alisema mwenye nyumba na benki wanakubali kusogeza siku mpaka mwisho wa Aprili, ilimradi Merveille asikose hata mshahara mmoja, na Bagalwa awe amerudi kazini kufikia hapo. Tena hiyo bima yetu sote ilitoka kwenye kazi ya Merveille.

"Nitaomba likizo," Merveille alisema. "Isiyo na mshahara. Nikae naye."

"Na nyumba?" akauliza mumewe.

"Basi nyumba ife!"

Mashine ililia tii, tii. Nikauambia ukuta:

"Kitendawili."

Merveille alisema, "Maman, si sasa."

"Kitendawili!"

"Tega," Bagalwa akasema, kwa mazoea tu.

"Amelala kitanda cha mkwe wangu, anakula dawa za mkwe wangu, lakini si mkwe wangu."

Alifikiri. Nilisikia akifikiri. "Kidonda," akasema polepole. Kisha akaelewa ninakokwenda. "Hapana! Hapana, Maman! Mtaniua kwa aibu!"

"Kidonda hakina mama mkwe, baba. Nitakihudumia chenyewe. Wewe sitakujua."

"Merveille, mwambie mama yako!"

Merveille alikuwa ameketi kando ya kitanda amejiziba uso, mabega yanacheza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

Nesi wa nyumbani aliyekuja alikuwa Mkenya, Jeptoo, mama mrefu mwenye maneno mengi, anasali kanisa la jirani na letu. Alipoingia chumbani alisimama ghafla. Bagalwa alikuwa amelala kwa ubavu, kichwa kizima amekifunika kitenge cha mkewe, chenye picha za tausi, amekikaza kama mzigo wa sokoni.

"Haki ya Mungu," Jeptoo alisema, "nimeona mambo kwa hii kazi, lakini hii! Mzee, unapumua huko ndani?"

"Ninapumua," kitenge kikajibu.

"Na wewe mama, mbona unaingia kinyumenyume?"

Nikamweleza. Alisikiliza, mkono kiunoni.

"Sawa. Kwetu pia iko, lakini si hivi. Sasa geuka, mama. Kidonda hakifungwi kwa mgongo. Nawa kwanza. Hapana, hiyo umelowesha tu. Nawa kama umetoka kushika samaki."

Nikanawa kama nimetoka kushika samaki. Akanivalisha glavu. Akafunua.

Nimezika watu, nimezalisha watu, nimevuka ziwa usiku na milio ya bunduki nyuma yangu. Lakini shimo kama lile sikuwahi kuliona. Yai la kuku lingeingia lote. Ndani ni nyekundu, inachezacheza, ni nyama ya mtu aliye hai, na mtu mwenyewe ndiye yule anayenipa miji ya Amerika kupitia ukutani. Nikashika ukingo wa kitanda.

"Mama, usianguke, nitakuwa na wagonjwa wawili," Jeptoo alisema. "Shika pamba."

Kutoka kwenye tausi ikaja sauti ndogo: "Maman, mko hapo?"

"Sipo," nikamjibu.

Jeptoo alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nikaingiza utambi taratibu kama alivyonionyesha, mpaka mwisho.

Tukaendelea hivyo. Merveille akaenda kazini, hakukosa mshahara hata mmoja. Mimi nikawa nanawa, natega. Kichwa kilichofunikwa kikawa kinajibu. Sauti ikarudi kidogo kidogo, na shimo likapungua, likawa la karanga, likawa la mbegu ya papai. Siku moja nilitega kikamshinda, akanipa Saint Paul kwa mara nyingine, nami nikasema Saint Paul nimeichoka, nipe Woodbury. Akacheka chini ya kitenge: "Aprili, Maman. Aprili nitawapa funguo kabisa."

Nilimwamini. Si nilikuwa nakiona kidonda kikifunga kwa macho yangu?

Bili zilifika Machi. Merveille alisoma mara moja akasema wamekosea. Akaweka simu mezani, akafungua sauti ili Bagalwa asikie akiwa kwenye kochi na mimi nisikie nikiwa jikoni. Jeptoo alikuwapo, amemaliza kazi, anakunywa chai. Mtu wa hospitali upande wa pili alikuwa na adabu nyingi. Merveille alikuwa akisikiliza, kisha anatutafsiria, na kila alichotafsiri alikirudia kama hakiamini.

"Anasema hizi ni za upasuaji wa pili, kulazwa, na dawa. Jumla ni zaidi ya dola laki moja."

Nikaweka kisu chini.

"Subirini. Nyingi inalipa bima. Sisi tunalipa fungu letu tu, elfu nane."

"Lakini elfu nane tulilipa!" Bagalwa alisema. "Ya mguu, ile ya Desemba."

Akauliza. Akasikiliza. Nikaona shingo ya binti yangu ikilegea.

"Anasema ile ilikuwa ya mwaka jana. Mfupa ulivunjika Desemba. Maambukizi yakaja Januari. Bima inaanza kuhesabu upya Januari. Kwa hiyo ni elfu nane nyingine."

"Mwambie," nilisema kutoka jikoni, na heshima yote ikanitoka, nilikuwa nimesimama katikati ya mlango mbele ya mkwe wangu, "mwambie mdudu ni wao! Daktari wao alisema kwa kinywa chake! Mtu akinivunjia chungu, ananiuzia kingine?"

Merveille alimwambia, sijui kwa Kiingereza gani. Akasikiliza muda mrefu.

"Anasema anasikitika sana. Anasema hakuna kosa lililoandikwa, kwa hiyo ni matibabu kama matibabu mengine. Anasema kuna msaada kwa wasio na uwezo, lakini kwa mishahara yetu ya mwaka jana, yetu wawili, tumezidi. Anasema tunaweza kulipa kidogo kidogo."

Simu ikakatwa. Jeptoo alikuwa ameacha chai.

"Ni kweli?" nilimuuliza. "Wewe ni mtu wa humo. Ni kweli watu wanalipa hivyo?"

"Ni kweli, mama," alisema chini. "Hospitali zenyewe zinapoteza pesa nyingi kwa hii maneno, bima zinapoteza, kila mtu analia. Lakini ikifika kwa mgonjwa, fungu lake linamngoja palepale."

Kama angekuwa mwizi, ningepiga kelele, majirani wangetoka na fagio. Lakini nani mwizi? Daktari alisema pole. Mtu wa simu alisema pole. Depo nao, walipopiga wiki iliyofuata kusema kile kiti cha skani kimepata mtu mwingine kwa kuwa likizo imepita kiasi, nao walisema pole. Miezi mitatu tulikula mshahara mmoja, na kodi, na gari, na elfu nane juu ya elfu nane. Ile akiba ya nyumba ilikatwa pande zote kama kipande cha sabuni. Aprili ilipofika, yule mama wa kuuza nyumba alipiga simu. Alikuwa na watu wengine, wana pesa tayari. Na yeye alisema pole.

Jumapili ile hatukwenda kanisani. Merveille alikuwa jikoni pamoja nami, anakoroga bukari, ugali wetu, bila kuzungumza. Bagalwa alikuwa sebuleni, anatembea sasa na gongo moja, jeraha limebaki kovu tu kama kamba. Ukuta uko katikati yetu. Nikaona nyumba imekuwa kimya mno, nikasema:

"Kitendawili."

"Tega, Maman."

"Tuliingia hatuna. Tukatoka nacho. Tukakilipia kama tuliokiagiza. Hakina meno, na kimekula nyumba."

Mwiko wa Merveille ukasimama ndani ya sufuria.

Jibu alikuwa nalo, alilibeba kwenye paja lake tangu Noeli. Mtoto angejibu.

"Nimeshindwa," ukuta ukasema.

"Hujashindwa, baba. Unakijua."

"Nimeshindwa, Maman. Chukueni mji."

"Mji gani?"

Nikasikia akikaa kwenye kochi.

"Woodbury."

Merveille aliweka mkono kinywani. Nami nikajutia mdomo wangu, lakini mtu akikupa mji huwezi kumrudishia mkononi, lazima uende. Nikafuta mikono kwenye aproni.

"Basi nikaondoka," nikasema, "nikaenda mpaka Woodbury. Nikafika kwenye ile nyumba yenye bafu mbili. Nikagonga. Akafungua mama mmoja, amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake watoto wanakimbia. Nikasikia maji yakimwagika bafu hii, na maji yakimwagika bafu ile. Akaniuliza, mama, unamtafuta nani? Nikamwambia, samahani, nimekosea mlango. Akasema karibu ule. Nikasema hapana, mkwe wangu ananingoja, na bukari inapoa. Nikarudi Columbia Heights. Nikapanda ngazi. Nikafika kwenye korido, nikakohoa."

Nikakohoa kweli.

Nilisikia kochi likilia, na gongo likigusa sakafu, na hatua, moja nzito na moja nyepesi. Na mkwe wangu akapiga mluzi, akielekea bafuni.

Nikageukia ukutani ili apite.